Maswali ya Wasomaji: Mlima, Msitu na Miezi ya Tope

Tangu kaskazi ianze kulegea hapa Malindi, barua zinazoletwa kwenye safu hii zimekuwa za aina moja kwa kiasi ambacho sikukitarajia. Watu wa pwani wanataka kupanda milima, na karibu wote wamechagua Aprili na Mei, miezi iliyo migumu kuliko yote kwa mtu anayepita njia ya msituni, iwe ni huku kwetu ambako masika yameshika, au katika nchi za baridi ambako theluji ndiyo kwanza inayeyuka. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndani yake mna mengi yanayowahusu hata wale ambao hawatavuka bahari.

SWALI: Assalamu alaykum. Kaka yangu anaishi New Hampshire, Marekani, na ameniambia kwamba nikimtembelea mwishoni mwa Aprili atanipeleka kupanda mlima wenye msitu. Anasema wakati huo ni majira ya kuchipua, baridi imekwisha na nyasi zimeanza kuwa kijani. Mimi sijawahi kukanyaga theluji. Je, nitaikuta? Nivae nini, na ni jambo gani la kuhofia?
Dada wa Shela, Malindi

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Kaka yako amesema kweli kuhusu bonde analoishi, lakini uwanja wa nyumba yake hauwezi kumweleza hali ya njia iliyo mita 900 juu yake. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Zaidi ya hilo, msitu wenyewe hubadilika. Chini kuna miti inayopukutisha majani wakati wa baridi, na mwishoni mwa Aprili majani mapya bado hayajafunguka, kwa hiyo jua hupenya hadi ardhini na kuikausha njia mapema. Ukipanda zaidi unaingia katika misonobari ambayo haipukutishi majani mwaka mzima, na kivuli chake huifunika theluji kama turubai. Huko juu, theluji ya njiani hudumu hadi Mei, na miaka mingine huingia Juni. Naam, utaikuta.

Wala usidhani utakayoikuta ni ile laini inayoonekana kwenye picha. Miezi yote ya baridi watu wamepita hapo hapo katikati ya njia na kuishindilia, na joto linapoanza kurudi, theluji ya pembeni huyeyuka kwanza, ikabaki ile iliyokanyagwa peke yake, tuta jembamba lenye upana usiozidi mabega ya mtu, gumu, lenye utelezi, linalopinda na njia kati ya miti. Mara ya kwanza nilipopita mahali kama hapo nilitembea juu ya tuta hilo kwa adabu zote, kisha nikaona nimpishe mzee mmoja aliyekuwa akishuka. Nilitoa mguu mmoja tu pembeni. Ulizama hadi pajani, kwa sababu chini ya ngozi ile nyeupe matawi ya misonobari michanga yalikuwa yameacha uwazi, na ukingo wa barafu ukanichuna muundi kutoka kifundo hadi gotini. Yule mzee alinivuta kwa mkono, akaniambia kwa upole kwamba anayempisha mwenzake hungoja pahali pazuri, kisha akaenda zake. Soksi yangu ilijaa theluji, na baada ya dakika kumi theluji ile ikawa maji.

Kwa hiyo muulize kaka yako kama anayo ile minyororo yenye meno mafupi ya chuma inayovishwa juu ya viatu kwa mpira. Bei yake si kubwa, uzito wake ni mdogo, na juu ya tuta la barafu ndiyo inayotenganisha kutembea na kuanguka. Fimbo mbili za kutembelea nazo zinafaa, hasa wakati wa kushuka. Anzeni mapema mnapoweza. Asubuhi theluji huwa bado imeshikana kwa baridi ya usiku na hukubeba. Ikifika alasiri hulainika, na kila hatua ya tatu mguu unazama.

Sababu ya pili ya kuanza mapema ni vijito, nami naitaja kwa mkazo kwa kuwa sisi watu wa pwani tumezoea maji yanayopanda na kushuka kwa saa za mwezi, ilhali maji haya hufuata saa za jua. Theluji ya juu huyeyuka mchana, kwa hiyo kijito ulichokiruka saa mbili asubuhi kwa kukanyaga mawe matatu, saa kumi jioni unaweza kukikuta kimeyafunika mawe yote hayo na kinavuma. Maji yenyewe ni ya baridi kiasi kwamba mguu hufa ganzi kabla hujafika ng'ambo. Kama njia mtakayoichagua inavuka kijito kikubwa pasipo daraja, chagueni nyingine.

Kuhusu mavazi, jambo kubwa ni kuacha pamba nyumbani. Leso, dera na shati la pamba ni neema hapa Malindi kwa sababu hushika jasho na kukupoza, na kwa sababu hiyo hiyo ni hatari kule. Pamba ikilowa hunata mwilini na kuendelea kukunyonya joto, na mtu anaweza kupoteza joto la mwili hata siku ambayo baridi haijafikia ya kugandisha maji, ikiwa amelowa na kuna upepo. Vaa sufu au nguo za nyuzi za viwandani, tabaka juu ya tabaka, na juu kabisa koti lisilopitisha maji. Kwa sitara, vazi pana linaloishia magotini juu ya suruali linatosha na halisumbui. Pindo refu la buibui litanyonya maji ya theluji hadi kiunoni, na wakati wa kushuka utalikanyaga. Mtandio wa sufu utakusitiri na kukutia joto la masikio kwa pamoja. Suruali iingize ndani ya soksi hata mkitembea chini ambako pamekauka, kwa kuwa majira hayo kupe wameanza kutoka, na wapo wanaobeba ugonjwa wa Lyme. Ukirudi nyumbani jikague vizuri nyuma ya magoti na kwenye nywele. Wale inzi weusi wadogo wanaouma, ambao watu wa huko huwalalamikia sana, kwa kawaida huchachamaa kuanzia katikati ya Mei, kwa hiyo huenda ukawakwepa.

Liko pia suala la tope, ambalo si la usalama wako bali la adabu ya mgeni. Theluji ikiyeyuka, udongo wa juu hulowa huku wa chini yake ukiwa bado umeganda, maji hayana pa kwenda, na njia hugeuka uji. Katika jimbo jirani la Vermont wenye mamlaka huwaomba watu wasitembee kwenye njia za juu zenye tope hadi mwishoni mwa Mei, na katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, ombi kama hilo huhusu njia zilizo juu ya futi 2,500, yaani kama mita 760. Ukikuta dimbwi la tope, lipite katikati, uchafue viatu. Kila anayelizunguka huipanua njia na kuua mimea ya kando. Ukikuta njia yote ni tope, rudini.

Mwisho kuhusu safari yako, mwambie kaka asikupeleke juu ya mpaka wa miti. Katika milima ya White Mountains, huko huko New Hampshire, msitu hukoma kwenye mita 1,300 au 1,400 hivi, na juu yake ni mawe na upepo. Mlima Washington, wenye mita 1,917 tu, ndipo ulipopimwa upepo wa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934, rekodi iliyodumu hadi kimbunga kilichopita Australia mwaka 1996. Angalia mwezi wenyewe: Aprili. Kilima kifupi chenye msitu hadi kileleni kitakutosha, na hapo chini ndiko kuliko na nyasi za kijani alizokuahidi. Kabla ya kuondoka wekeni saa ya kugeuka, hata kama kilele kinaonekana. Wahenga wetu waliokuwa mabaharia walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa bahati nzuri mwishoni mwa Aprili mchana wa huko unakaribia saa 14, kwa hiyo giza halitawaharakisha.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika kaunti ya Kilifi. Chama chetu cha mazingira kimeazimia kuwapeleka wanafunzi 18 Mlima Kenya katika likizo ya Aprili, na wazazi wameanza kuchanga. Tunataka kufika kilele cha Lenana. Tufuate njia ipi, na je, mvua itatuzuia?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Mwalimu, nitakuambia kama ambavyo ningemwambia ndugu yangu: ahirisheni Lenana hadi likizo ya Agosti. Masika ya mlimani huanza katikati ya Machi na kuendelea hadi mwisho wa Mei, na Aprili ndiyo kiini chake. Miezi mikavu ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Lenana iko mita 4,985, na mvua inayonyesha msituni huwa ni theluji huko juu. Wanafunzi waliozaliwa usawa wa bahari, wengi wao bila hata sweta moja la sufu, hawana kazi pale mwezi huo.

Najua hoja ya wazazi: likizo ya Agosti ina mambo yake, na fedha zimeshachangwa. Basi ikiwa ni lazima iwe Aprili, badilisheni lengo. Chukueni njia ya Naro Moru na mtembee msituni tu, kutoka lango la hifadhi lililo kwenye mita 2,400 hivi hadi kambi ya Met Station, mita 3,050. Ni kilomita 9 au zaidi kidogo, nyingi zikiwa juu ya barabara ya gari, kwa hiyo hata mvua ikiwakuta hampotei. Wanafunzi watapita msitu wa miti mirefu, waingie kwenye mianzi, kisha waione miti ya mirozirozi yenye ndevu za kuvu zinazoning'inia. Hilo peke yake ni somo la jiografia la muhula mzima. Msiendelee mbele ya kambi hiyo. Mbele ya Met Station kuna mteremko wa kinamasi ambao umewavunja moyo watu wazima wengi. Mwaka mmoja, mwezi kama huu, niliupanda na binamu yangu aliyekuwa amevaa raba za kuazima. Tope lilimmeza mguu hadi nusu ya muundi, akavuta, mguu ukatoka na soksi, raba ikabaki. Tulipiga magoti wote wawili tukilichimbua tope kwa mikono, mvua ikitunyeshea mgongoni, na raba tulipoipata ilikuwa imejaa kama chungu cha udongo. Huko juu hatukufika.

Wasomaji wengine wameuliza kuhusu njia nyingine mbili zinazojulikana. Chogoria, iliyo mashariki, ina mandhari nzuri kupita zote, lakini ndiyo inayopokea mvua inayotoka upande wetu wa bahari, na barabara yake ya msituni huwa telezi mno wakati wa masika. Sirimon, upande wa kaskazini-magharibi, ni kavu zaidi. Agosti mkienda Lenana, anzeni na hiyo.

Tuna msemo kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mtu wa pwani huutegemea: hutoka nje, akatazama juu, akaamua. Mlimani msemo huo hukupotosha. Asubuhi za masika mara nyingi huwa safi kabisa, kilele kinameremeta, kisha kufikia adhuhuri ukungu umepanda kutoka mabondeni na alasiri mvua inashuka. Tena hali ya njia haitegemei mvua ya leo tu, bali iliyonyesha wiki mbili zilizopita, ambayo bado imo ardhini. Kwa hiyo mpigieni simu mtu wa Naro Moru siku mbili kabla ya safari, na msimuulize kama kuna jua. Muulizeni gari la mwisho lilipanda hadi wapi na lilirudi namna gani.

Mambo machache ya lazima. Laleni usiku mmoja mjini Naro Moru, ulio kwenye mita 2,000 hivi, kabla ya kutembea, kwa kuwa kuanzia mita 2,500 mtu wa Malindi anaweza kuumwa na kichwa na kutapika, na dawa ya kweli ni kushuka. Ondokeni langoni saa moja asubuhi na muwe mmefika kambini kabla ya saa saba. Msituni kuna ndovu na nyati, na kelele ya mvua kwenye mianzi huwafanya wasiwasikie mnavyokuja. Tembeeni pamoja, mzungumze kwa sauti, na awepo mwongozaji mbele na mtu mzima nyuma. Chupa za maji za plastiki za kutupwa haziruhusiwi katika hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo kila mwanafunzi abebe chupa ya kudumu. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku mwaka 2017, msitegemee ile njia ya zamani ya kufunga nguo kwenye mifuko ya dukani. Kateni vipande vya turubai jepesi, kila mtoto afungie ndani yake soksi mbili, fulana na sweta, na furushi hilo lisifunguliwe mpaka kambini. Mimi niliwahi kuamini koti la mvua nililouziwa na duka moja hapa mjini kwa kiapo. Lilivuja mshononi kabla ya saa nzima, na tende zangu zikawa faluda.

SWALI: Je, kuna haja gani ya kwenda mbali? Msitu wa Arabuko-Sokoke uko mlangoni kwetu. Unaweza kutembelewa mwezi wa Mei?
Mkaazi wa Gede

JIBU: Unaweza, na nashukuru kwa kutukumbusha. Msitu huo wenye takriban kilomita za mraba 420 hauna mlima, lakini una jambo ambalo milima haina: unaweza kuchagua udongo. Palipo na miti ya mirihi, ardhi ni mchanga mweupe unaopitisha maji upesi, na saa chache baada ya mvua unatembea bila shida. Upande wa magharibi kwenye vichaka vizito, udongo ni mwekundu. Ukilowa, gari huteleza kama limepakwa sabuni na buti hujengeka soli ya pili. Wakati wa masika bakini kwenye mchanga mweupe. Mbu ni wengi, ndiyo, lakini vipepeo pia ni wengi, na wanavijiji wa Gede wanaofuga viwavi wa vipepeo hao kwa mradi wa Kipepeo tangu miaka ya 1990 watakueleza hilo kuliko mimi. Ndovu wamo, kwa hiyo chukua mwongozaji langoni.

SWALI: Nimealikwa kwenye safari ya Mlima Kenya mwezi wa Agosti. Mimi ni mtu wa Lamu. Tangu utotoni navaa makubadhi na ndara. Viatu vya kufunga huniumiza. Nifanye nini?
Kijana wa Langoni, Lamu

JIBU: Nunua buti sasa, usingoje Agosti, na ununue jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi za mchana, ukiwa umevaa soksi nene utakazozitumia mlimani. Kidole kikubwa kisiguse mbele hata ukipiga ncha ya kiatu sakafuni. Kikigusa dukani, kitagonga kila hatua utakaposhuka. Kisha yazoee. Anza na nusu saa ndani ya mji, panda na kushuka ngazi za nyumba zenu ikiwa zina ghorofa, kwa maana Lamu haina kilima kingine cha maana isipokuwa matuta ya mchanga ya Shela. Wiki ya pili nenda nayo Shela kwa miguu na kurudi, na upande matuta yale mara tatu. Mahali patakapoanza kuwaka moto, simama hapo hapo ubandike plasta, usisubiri lengelenge. Watu watakucheka ukipita ufukweni na buti, na punda watakushangaa. Zikibaki siku mbili kabla ya safari, kata kucha za miguu zote ziwe fupi na sawa.